Skarfanes: shajara ya kujenga ufalme wa kaskazini, wiki ya 1 hadi ya 14

Wiki ya 1 na ya 2: ramani

Jina la ufalme wetu wa kubuni, tunaouandikia mwongozo wa mchezo na sura za hadithi, limepita: Skarfanes. Katika Kinorse, lugha ya kale ya Norwe na Aislandi, skarfr ni mnandi, yule ndege mweusi anayekaa mwambani kaanika mbawa, na nes ni rasi. Majina mengine ya ramani yanaungwa kwa vipande vya namna hiyo: vík ni ghuba, ey kisiwa, dalr bonde, á mto, na fjörðr ni mkono wa bahari unaopenya katikati ya milima, ambao kwenye mwongozo tunauandika fiodi. Jina lazima lithibitike mahali penyewe. Mto usio na samoni hauitwi Laxá. Majina ya rasimu ya kwanza yaliyokuwa yakivuma tu bila kusema kitu yamefutwa yote.

Dunia hii ni ya kubuni, ila mhimili wake tumeuinamisha nyuzi 23.4 kama wa dunia yetu, na mji mkuu umewekwa nyuzi 68 kaskazini, sambamba na visiwa vya Lofoten, Norwe. Faida yake ni kwamba mambo ya anga na bahari ya huko yanajulikana, hivyo hatubahatishi. Jua halichomozi kabisa tangu mapema Desemba hadi siku za mwanzo za Januari, na halizami tangu mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai.

Kosa la ramani ya kwanza: barafu ilifika hadi gatini. Bahari ikiganda Januari hakuna uvuvi wa Februari, na bila uvuvi wa Februari watu hawa hawaioni Mei. Bandari za Lofoten hazigandi kwa sababu mkondo wa maji ya uvuguvugu wa Atlantiki unapanda na pwani ile. Joto la Januari hucheza karibu na sifuri tu. Tumechora mkondo kama huo, na barafu tumeirudisha ndani, kwenye vichwa vya fiodi ndefu ambako maji ya mito huelea juu ya maji ya chumvi na kuganda upesi.

Wiki ya 3: saa

Hapa Kiswahili chenyewe ndicho kilichotukwamisha. Saa zetu zinahesabiwa tangu macheo, na karibu na ikweta macheo hayasogei sana mwaka mzima, kwa hiyo saa moja asubuhi ni saa moja asubuhi. Skarfanes mwezi Juni haina macheo ya kuanzia hesabu, na Desemba haina pia. Rasimu ya sura ya kwanza ilikuwa na "saa moja jioni, giza lilipotanda" katikati ya kiangazi. Imefutwa.

Badala yake tumechukua utaratibu wa Wanorse wenyewe. Siku nzima, mchana na usiku, ina vipande 8 vya takriban saa tatu kila kimoja, na kila kipande kinajulikana kwa upande lilipo jua. Mtu anasimama kizingitini mwa nyumba yake, anatazama jua liko juu ya kilele gani. Ndiyo maana Norwe na Aislandi kuna milima yenye majina ya adhuhuri, na mingine ya nón, ambayo ni kama saa tisa alasiri yetu. Tatizo linalozaliwa hapo ni zuri kwa mchezo: kilele cha adhuhuri cha shamba moja ni kilele cha alasiri cha shamba lililo ng'ambo ya fiodi. Mwito wa baraza ukitaja "jua likiwa juu ya kilele cha Beberu" bila kutaja kizingiti cha nani, wito huo ni batili. Kanuni hii imeingia kwenye sura ya sheria.

Usiku mrefu wa Desemba nao si giza totoro. Katika siku fupi kuliko zote, adhuhuri, jua liko nyuzi 1.4 tu chini ya upeo. Unapata mwanga kama wa baada ya magharibi kwa saa chache, wa buluu, kisha giza. Kazi za nje zote zinabanwa humo.

Maneno yaliyopigwa marufuku kwenye maandishi yote: "jua la utosi" (huko jua halipandi zaidi ya nyuzi 45 na ushei, hata Juni), "kungoja kusi" (hakuna pepo za msimu, kuna dhoruba zinazopishana kila baada ya siku chache), na kulinganisha kitu chochote na nazi. Neno "kaskazi" liepukwe kabisa. Msomaji wa Kiswahili akilisikia hufikiria joto la Januari na majahazi yanayoingia kutoka Arabuni.

Wiki ya 4 hadi ya 6: nyasi

Kazi hii tuliipangia siku mbili, imekula wiki tatu, na ndiyo iliyobadilisha mengine yote. Swali lilikuwa dogo: kwa nini wanaume wa ufalme huu wasiende vitani Agosti, wakati bahari imetulia?

Shamba la kipimo chetu lina watu 12, ng'ombe 6 na kondoo 40. Ng'ombe ni wadogo, na tumempa kila mmoja kilo 6 za nyasi kavu kwa siku, siku 210 za kukaa zizini: kilo 1,260. Kwa sita ni kilo 7,560. Kondoo anavumilia zaidi, hushuka ufukweni kula mwani hata majira ya baridi, hivyo tumemhesabia kilo 1 kwa siku 150 tu. Kwa arobaini ni kilo 6,000. Jumla kilo 13,560.

Malisho yasiyo na mbolea ya kutosha tumeyakadiria kilo 1,200 kwa hekta, kwa hiyo zinahitajika hekta 11.3. Mtu mmoja mwenye fyekeo la mpini mrefu tumempa hekta 0.3 kwa siku. Zinatoka siku-kazi 38; wafyekaji watatu wanamaliza kwa siku 13. Ila nyasi zikivunwa mbichi na kurundikwa, zinachacha, zinapata ukungu, na ng'ombe akila anaugua. Lazima zikauke kwanza. Kwenye pwani ya mvua tumehesabu siku moja kavu kwa mbili, basi siku 13 zinakuwa 26, tangu mwishoni mwa Julai hadi ndani ya Agosti, na wanawake, watoto na wazee wote wako nyuma wakigeuza na kukusanya.

Jibu ndilo hilo. Agosti hakuna mikono ya kushika kasia. Msafara wa vita unaondoka baada ya kupanda shayiri na kurudi kabla ya fyekeo, au unaondoka mavuno yakishaingia ghalani. Hilo halikubuniwa na sisi: Svein Asleifsson wa visiwa vya Orkney, karne ya 12, anasimuliwa kwamba alikuwa na safari mbili kila mwaka kwa mpangilio huohuo, ya masika na ya vuli. Kalenda yetu ya vita imeandikwa upya ifuate nyasi. Mfalme anayeita jeshi Agosti anapata meli nusu tupu, na Februari inayofuata anapata njaa.

Marekebisho yaliyotokana na hesabu hii: vijiji vitatu vya ramani vilikaa juu ya mwamba mtupu kwa sababu mandhari ilikuwa nzuri. Viwili vimehamishwa. Cha tatu kimeachwa kiwe kituo cha wavuvi, watu wapo Februari hadi Aprili tu, na vibanda vyake havina zizi. Vilevile mwezi wa Oktoba umewekewa uamuzi wa lazima kwa kila mwenye shamba: pima nyasi zilizopo, hesabu midomo, chinja wanaozidi. Mchezaji anayeona huruma Oktoba huishia kubeba ng'ombe dhaifu kwa mikono Aprili kumtoa nje.

Wiki ya 7 hadi ya 9: meli, na zaidi tanga

Kipimo cha meli ya vita tumekichukua kwa ile ya Gokstad, iliyochimbuliwa Norwe mwaka 1880: urefu mita 23 na kitu, upana mita 5 na kitu, mbao 16 kila ubavu, makasia 16 kila upande. Ya kwetu ni ndogo kidogo, makasia 14 kila upande.

Mchoro wa kwanza ulirudishwa. Mchoraji alichora mbao zimekutana ukingo kwa ukingo, kama jahazi. Huku ubao wa juu hulalia ubao wa chini, kama vigae vya paa, na kila mlalo unatupa mstari wa kivuli ubavuni. Bila mistari hiyo meli si ya kaskazini. Mpangilio wa ujenzi nao ni huu: mkuku kwanza, kisha fashini za mbele na nyuma, kisha ganda la mbao linapandishwa, na mataruma, yaani mbavu za ndani, yanaingizwa ganda likiwa limeanza kushika umbo. Mtepe wa Lamu ulishonwa kwa kamba za usumba. Huku panapolaliana hupigwa ribiti ya chuma, kutoka nje kuja ndani, ikavishwa kijibati chenye tundu kama washa, ncha ikakatwa na kupondwa ishike. Kati ya mbao hulazwa uzi wa sufi au manyoya uliochovywa lami ya msonobari, na unalazwa kabla ya kupiga ribiti. Hii si kalafati ya kusukumwa baadaye kwa patasi.

Mbao hazipasuliwi kwa msumeno. Gogo la mwaloni linapigwa kabari mbichi: nusu, robo, nane, kumi na sita, kila pande kama kipande cha keki kilichofuata nyuzi za mti, kisha linachongwa kwa shoka. Ubao wa sentimita 2 na nusu uliofuata nyuzi unapinda bila kuvunjika. Wa msumeno, nyuzi zimekatwa, unahitaji unene zaidi, meli inakuwa nzito na haiburuzwi nchi kavu. Kwa hiyo kinu cha mbao kilichokuwa kando ya bandari kimeondolewa kwenye mchoro.

Usukani ni kasia pana lililofungwa ubavuni, upande wa kulia, karibu na tezi. Meli inaegesha ubavu wa kushoto, usukani usije ukabanwa na gati. Magati mawili yamegeuzwa.

Sasa tanga. Ni moja, la mraba, kwenye foromali moja (mti wa kukingama unaobeba tanga), na ni la sufi. Tumeliwekea mita za mraba 90. Kwa mtande (nyuzi za wima) wa nyuzi 8 kwa sentimita na mshindio (nyuzi za kukingama) wa nyuzi 5, kila mita ya mraba inameza mita 1,300 za uzi. Tanga zima: kilomita 117. Msokotaji anayetumia kijiti chenye kibonge cha jiwe tumempa mita 40 kwa saa, hizo ni saa 2,925, na kwa saa 6 za kazi kwa siku zinakuwa siku-kazi 487. Ufumaji kwenye kitanda cha mfumi cha kusimama, ambacho mtande wake unavutwa chini kwa mawe, tumeukadiria nusu mita ya mraba kwa siku: siku 180. Kukata manyoya, kuosha na kuchambua hatujaweka. Kitambaa cha gramu 900 kwa mita ya mraba ni kilo 81, na kwa kilo moja safi kwa kondoo, ukitoa na upotevu, zinahitajika kama kondoo 100 wa mwaka mzima. Mashamba mawili na nusu ya kipimo chetu, yote yasivae.

Mwongozo wa awali uliorodhesha bei ya meli na kuweka tanga kama kifaa cha nyongeza, chini ya kamba. Imepinduliwa. Tanga sasa ni nusu ya bei ya meli. Linahifadhiwa ghalani, limepakwa lami, mafuta ya samaki na udongo mwekundu, na ufunguo wa ghala uko kiunoni mwa mwenye nyumba wa kike. Linahesabika kwenye mahari na kwenye mirathi. Maharamia wenye akili hawachomi meli waliyoiteka mpaka tanga limeshushwa. Na wanaosokota ni wanawake, kwa hiyo mfalme anayetaka meli kumi zaidi anakwenda kuzungumza na wanawake kwanza, miaka miwili kabla. Tukio hilo halimo bado kwenye sura yoyote, linatakiwa.

Tahadhari kwa waandishi: tanga la mraba haliendi bisho vizuri kama la jahazi. Upepo ukiwa wa usoni, ni makasia au kungoja. Sura ya tano ina meli inayokata upepo wa mbele usiku kucha bila mtu kuchoka, irekebishwe.

Wiki ya 10: samaki mkavu

Chumvi haipo ya kutosha: jua halitoshi kukausha maji ya bahari, na kuchemsha kunakula kuni ambazo hazipo. Ng'onda wetu hupasuliwa, hutiwa chumvi, huanikwa juani. Huyu wa kaskazini hukatwa kichwa na kutolewa matumbo, wawili wakafungwa mikia pamoja na kutundikwa juu ya mti, bila chembe ya chumvi, Februari hadi Mei.

Kinachomkausha ni upepo ulio karibu na sifuri. Baridi ikizidi, maji yaliyo ndani yanaganda na kupasua nyama, inakuwa kama sifongo. Joto likizidi, nzi. Mvua bila upepo, ukungu. Sura ya uchumi sasa ina dadu moja kila wiki mbili kwa msimu huo, na matokeo hayo matatu. Hesabu ya shamba: watu 12, gramu 200 kwa siku, siku 200, ni kilo 480 za samaki mkavu. Mbichi aliyesafishwa ni kama mara tano, kilo 2,400. Kwa samaki wa kilo 4 ni samaki 600, jozi 300. Mti wa mita 5 unabeba jozi 25, basi miti 12. Picha ya shamba ilikuwa na miti mitatu.

Samaki huyu halikiki hivihivi. Anapondwa kwa nyundo ya mti juu ya jiwe, anachanwa, anapakwa siagi. Sauti ya asubuhi katika nyumba yoyote ya Skarfanes ni hiyo nyundo.

Wiki ya 11 na ya 12: sheria, majina, fedha

Sheria hazijaandikwa. Kama kwenye baraza kuu la Aislandi lililoanza mwaka 930, msemasheria anazikariri mbele ya watu theluthi moja kila kiangazi, zinakamilika kwa miaka mitatu. Udhaifu tulioubakiza makusudi: hakuna polisi. Aliyeshinda kesi anaitekeleza mwenyewe na ndugu zake. Mtu asiye na ukoo anaweza kushinda kesi na asipate hata mbuzi.

Majina: Ketil mwana wa Orm ni Ketil Ormsson, dada yake ni Ormsdóttir, na mke wa Ketil habadilishi jina. Tulipendekezewa "Ketil bin Orm". Linaeleweka mara moja, lakini linamleta msomaji Mombasa. Limebaki kwenye maelezo ya ukurasa wa kwanza tu. Tatizo lililorudi mara nne ni familia nzima kupewa jina moja la mwisho. Ndugu wa mama wanaitwa mjomba, na uzito wa neno hilo uachwe kama ulivyo. Wanorse nao walisema mtu hufanana zaidi na wajomba zake.

Fedha inapimwa kwa mizani, haihesabiwi. Eyrir ni kama gramu 27, na eyrir 8 ni mörk moja. Bangili inakatwa vipande, sarafu inachomwa kwa ncha ya kisu kuona kama ni fedha hadi ndani. Ilibidi pia tuonyeshe fedha inatoka wapi, kwa kuwa ufalme hauna machimbo. Kwenye kisiwa cha Gotland, Uswidi, mwaka 1999 iliibuka hazina ya Spillings, kama kilo 67 za fedha, na humo sarafu zaidi ya 14,000, nyingi zikiwa dirhamu za Waarabu. Kwa hiyo ramani imeongezewa njia ya mito kwenda kusini, yenye sehemu mbili ambapo mashua hubebwa begani.

Wiki ya 13 na ya 14: runi

Tumetumia safu fupi ya runi 16, ile ya enzi za Waviking. Runi ni mistari ya wima na ya mshazari. Mstari wa kulala haupo kwa sababu kwenye ubao unapotelea kwenye nyuzi za mti. Alama 16 hazitoshi lugha yoyote: k inabeba na g, t inabeba na d, b inabeba na p, i inabeba na e, u inabeba na o, s inabeba na z. Herufi mbili zinazofuatana zikiwa sawa huandikwa moja. Na n iliyo mbele ya t au k mara nyingi haichongwi: kwenye jiwe la Jelling, Denmark, neno konungr, mfalme, limeandikwa kunukr.

Wasomaji wa mwongozo watataka kuandika Kiswahili kwa runi hizi, tumejaribu mapema tuone kinachoharibika. Kodi, koti, goti na kuti: yote ni k-u-t-i. Dodo na ndoto: t-u-t-u. Kondoo: n inaanguka, o mbili zinakuwa u moja, linabaki k-u-t-u, na hilo ni kutu.

Pendekezo la kuongeza nukta za kutofautisha limekataliwa kwa sasa. Jiwe la sura ya pili, ambalo ndugu wawili wanalipigania barazani, lilikuwa na maneno marefu yaliyofumba siri kwa nguvu. Sasa lina manne, yametenganishwa kwa nukta mbilimbili, runi za kimo cha sentimita 12 zilizopakwa rangi nyekundu ndani ya mwili wa nyoka: *urm : atalibua : kutu : mia*. Orm atalipwa kondoo mia. Mdaiwa amekuja barazani na gunia la misumari iliyooza, vipande mia vilivyohesabiwa, na msemasheria bado hajafungua mdomo. Sura imesimama hapo hadi kanuni ya ushahidi wa maandishi iandikwe.